Teze Yangu na Vibuyu vya Mama Mave

Ninyi mnaokuja kwangu Nyakasanza, hapa Bunia, na fardi za plastiki za kutilia karatasi mkononi, nawajua kabla hamjabisha mlango. Mnabisha kwa adabu mno, kama watu waliokwisha kubisha milango mingi. Mnakaa pembeni mwa kiti, mnafungua fardi, mnatoa diploma iliyofunikwa nailoni. "Mama Docta, nimetetea teze yangu, na chuoni hakuna nafasi. Sasa nifanye nini?" Mimi nawapa kwanza mtindi, bilauri nzima, na sisemi neno mpaka muumalize. Wengine wananishukuru. Wengine wanadhani uzee umenianza.

Leo nawaandikia wote kwa pamoja, maana koo langu limechoka kurudia.

Teze yangu, yaani tasnifu ya udaktari, ilihusu bakteria wa maziwa. Ina kurasa mia tatu na kumi na mbili, na watu walioisoma yote ni wanne: mimi, promota wangu aliyenisimamia, mjumbe mmoja wa jopo ambaye hakunipenda, na mdogo wangu aliyenichapia. Huyo wa mwisho alikiri kwamba kwenye majedwali alikuwa anafumba macho. Niliitetea Kisangani nikiwa na miaka arobaini na mitatu, watoto wangu watatu wamekaa mstari wa mbele wanasinzia. Nilirudi Bunia nikitembea kama mtu aliyebeba yai kichwani.

Halafu nikaanza kungoja. Nilingoja barua ya kuniteua kuwa profesa. Kila Jumatatu nilikwenda kwa katibu, kitenge kimepigwa pasi, na kila Jumatatu aliniambia, "Docta, dosie yako iko mu njia." Faili hilo lilikuwa njia gani, sikujua. Hata lori lililokwama kwenye matope ya msituni huwa linafika siku moja. Nilingoja miaka mitatu. Katikati watu waliniita kwenye kazi mbili tatu, nikazikataa zote bila hata kuuliza ni za nini. Marehemu baba yangu, katekista mstaafu, alikwisha tangaza kanisani kwamba binti yake ni profesa, nami niliona nikishika kazi nyingine nitamfanya mwongo. Niliamini kabisa kwamba daktari wa chuo asiyefundisha chuo ni mtu aliyepotea njia. Nawaambia hivi ili msidhani nilizaliwa na akili.

Aliyekuja kunitoa nyumbani ni Mama Dhesi. Alikuwa kiongozi wa wanawake ishirini na wanane waliokuwa wanaleta maziwa mjini, wengine kutoka kwenye ng'ombe zao, wengine wakiyakusanya kwa wafugaji wa pembeni mwa mji. Walikuwa na depo ndogo hapa Nyakasanza, chumba kimoja na baraza. Alisimama uani kwetu, hakutaka hata kukaa.

"Wanasema hapa iko docta ya vidudu."

"Ni mimi, Mama."

"Basi kuya. Maziwa yetu inakufa mbele ya kufika sokoni, na siye hatujue juu ya nini."

Nilichukia. Mimi, na kurasa zangu mia tatu na kumi na mbili, niitwe na muuza maziwa kama fundi wa baiskeli! Nilimwambia nitafikiri. Akasema, "Fikiri, lakini maziwa haitakungoja," akaenda zake. Kesho yake nilikwenda, kwa wiki moja tu, nilijiambia. Nilikaa miaka kumi na sita.

Sikilizeni jambo moja kabla sijaendelea. Kazi itakayokuja kwenu haitakuja na kichwa cha teze yenu. Rafiki yangu mmoja ana udaktari wa jiolojia. Leo yuko kwenye machimbo ya dhahabu, Wakristo na Waislamu wanamngoja asubuhi awaambie ukuta upi wa shimo utaanguka kabla hawajashuka. Mwingine ni wa fizikia, anatengeneza friji za jua za chanjo, na hospitali za huku zinamgombania kuliko bibi harusi. Yule wa historia anasikiliza kesi za mipaka ya mashamba kule Kpandroma, kwa sababu anajua kupekua karatasi za zamani na kumvumilia mzee anayesimulia kwa saa tatu. Hakuna hata mmoja aliyeona kazi yake imeandikwa ukutani. Kila mmoja aliitwa na mtu mwenye shida, na shida yenyewe ilielezwa kwa maneno ya kawaida.

Na msikasirike watu wasipoelewa cheo chenu. Kila niliposhuka kwenye moto, pikipiki ya abiria, kule mtaa wa Mudzipela, kina mama walinikimbilia na watoto wenye homa. Nikawaambia nendeni kituo cha afya, mimi si docta wa hivyo. Siku moja mama mmoja aliniangalia kutoka juu hadi chini.

"Basi weye ni docta ya nini?"

"Ya maziwa."

"Maziwa inagonjwaka?"

"Inagonjwaka sana," nikasema, na nikamweleza pale pale barabarani, dereva wa moto naye akazima injini asikilize. Wakati ule nilijua kufundisha kuliko nilivyopata kujua mbele ya ubao. Anayeuliza akiwa na mtoto mgongoni na bidoni, dumu la plastiki, mkononi hataki maneno ya kupamba.

Sasa ujuzi wenyewe, maana hamkuja kwa hadithi tu. Ukipokea maziwa, nusa mfuniko kwanza, usinuse maziwa. Mfuniko hausemi uongo. Harufu ya jana inajificha pale. Kuosha chombo, anza na maji baridi. Ukianza na maji ya moto, maziwa yanagandamana na chombo na hutayatoa tena hata usugue mpaka jioni. Maji ya moto na sabuni vinafuata, kisha chombo kinageuzwa kichwa chini juani. Na kujua kama maziwa yameanza kuchachuka kabla ulimi haujajua, chukua kijiko kimoja cha maziwa na kijiko kimoja cha alkoli, tikisa kwenye kichupa. Ukiona chembechembe, rudisha. Usimhurumie mtu. Ukimhurumia mmoja, unaharibu bidoni nzima ya wenzake.

Hayo yote nilikuwa nayajua siku ya kwanza. Nilichokuwa sijui kilikaribia kuwamaliza wale wanawake, na sasa nitawaeleza.

Nilipofika depo niliona vibuyu. Kila mama alikuja na kibuyu kilichofukizwa moshi wa majani mpaka ndani kikawa cheusi, na maziwa yenyewe yalinukia moshi, ndipo yakamiminwa kwenye bidoni kuukuu za plastiki kwenda sokoni. Ndivyo walivyofundishwa na mama zao: kibuyu kinaoshwa, kinageuzwa juu ya majani yanayofuka, kinafunikwa, ndipo maziwa yanaingia. Mimi nilitia kidole ndani, kikatoka na masizi. Nikakiinua mbele yao wote. "Mnaona? Ndiyo sababu maziwa yenu yanakufa." Nikapiga vibuyu marufuku. Kila mtu alete bidoni ya plastiki ya njano, tena aisugue kwa mchanga mpaka ing'ae. Nilipenda ile sauti ya mchanga asubuhi, wanawake ishirini na wanane wakisugua kwa amri yangu. Hakuna aliyebisha. Mimi nilikuwa docta.

Maziwa yakazidi kuharibika. Kwanza nilisema ni jua. Halafu nikasema ni wachukuzi. Wiki ya tano, Sista Lusi alikuja.

Sista Lusi alikuwa anasimamia jiko la shule ya bweni ya wasichana, na yeye ndiye aliyekuwa ananunua maziwa mengi kuliko soko zima. Si hivyo tu. Wanawake tisa kati ya wale wetu walikuwa na binti au mjukuu katika shule ile, na maziwa waliyopeleka yalihesabiwa kama karo, ndiyo yaliyowaweka wale watoto darasani. Jumatano hiyo alishuka kwenye moto na sufuria amepakata magotini. Akaifungua barazani. Uji umekatikakatika, maji pembeni, madonge katikati.

"Wasichana wangu wameshinda na njaa mara mbili wiki hii," alisema, taratibu kabisa, na ile taratibu ilinitisha. "Jumamosi nitarudi. Kama hamna jibu, nitanunua kwingine, na wale watoto tisa tutazungumza na wazazi wao."

Alipoondoka, nilifungua daftari langu kutafuta mkosaji. Na nikaona kitu cha ajabu. Maziwa ya kila mtu yalikuwa yanashindwa kipimo cha alkoli siku moja au nyingine, isipokuwa ya mtu mmoja. Mama Mave hakushindwa hata mara moja. Naye alikuwa mkubwa kuliko wote, anatoka mbali kuliko wote, anatembea kwa miguu, bidoni ya njano kama ya wenzake. Haiwezekani, nilijiambia. Nyakati zile wako wachuuzi waliokuwa wanatia vitu kwenye maziwa yasiharibike. Nikapata jibu langu.

Vijana, ningeweza kumwita pembeni. Sikumwita pembeni. Nilisimama barazani, mbele ya wenzake wote, nikauliza kwa sauti, "Mama Mave, ni dawa gani unatia mu maziwa?"

Aliangalia nyuma yake kama nazungumza na mtu mwingine. "Dawa? Miye?"

"Daftari linasema."

Mjukuu wake alikuwa mmoja wa wale tisa. Alichukua bidoni yake, ikiwa bado imejaa, akaiweka kichwani, akaondoka. Wenzake wakampisha njia, na niliona wengine wakizivuta kando pindo za kanga zao zisimguse. Mama Dhesi akanisogelea.

"Docta, ule mama ni mukubwa ya siye wote. Uko na preve?"

Ushahidi. Nilikuwa sina. Miaka saba ya teze nilifundishwa kitu kimoja tu, kwamba usiseme neno usiloweza kuthibitisha, na mara ya kwanza nilipopewa watu halisi, nilimwita mama wa watu mtia dawa kwa sababu daftari lilinishinda.

Mchana ule ule nilikwenda kwake, kwa miguu, nyuma ya nyumba za mwisho. Nilimkuta amechuchumaa uani, kibuyu amekigeuza juu ya majani yanayofuka. Alinitazama, hakuinuka.

"Karibu, Docta. Ulifuata dawa?" Akanyoosha kidole kwenye moshi. "Dawa ni hii."

"Lakini unaleta bidoni."

"Weye ulisema bidoni, miye nakuya na bidoni. Natembea na kibuyu mu kitambaa mpaka pale kwenye kona, mbele ya depo. Pale namwanga maziwa mu bidoni, naingia kwako." Akakitikisa kibuyu, akachungulia ndani. "Ile plastiki maziwa haiipende. Nilikuambia? Haukuuliza."

Mimi nilikuwa na la kusema, lakini safari hii nililimeza. Nilimwomba vibuyu viwili na maziwa ya ng'ombe mmoja. Akanitazama sana. "Bya kufanya nini?"

"Kujua."

"Kujua ao kunifunga?"

"Kujua, Mama."

Alikubali, akaja navyo mwenyewe, maana hakuniamini. Alhamisi na Ijumaa tulikaa depo, mimi na yeye, na vyombo vinne mbele yetu: kibuyu kilichofukizwa, kibuyu kisichofukizwa, bidoni mpya, na bidoni iliyosuguliwa mchanga wiki tano. Maziwa yale yale, kivuli kile kile. Kila saa kijiko na alkoli, na kila saa naandika. Bidoni ya mchanga ilishindwa ya kwanza, hata saa sita haijafika. Ikafuata kibuyu kisichofukizwa, halafu bidoni mpya. Kibuyu cha moshi kilifika jioni kikiwa salama. Ijumaa tukarudia, ikawa vile vile. Niliikata ile bidoni ya mchanga kwa kisu nikaangalia ndani. Plastiki yote mikwaruzo, na kila mkwaruzo ni nyumba ya bakteria ambayo brashi haifiki. Mnajua sura ya nne ya teze yangu inasema nini? Inasema jinsi bakteria wanavyojishikiza kwenye mikwaruzo. Niliiandika mimi, nikaitetea mimi, nikapigiwa makofi, halafu nikawapa wanawake mchanga.

Nilicheka peke yangu kama mwendawazimu. Mama Mave akauliza nini, nikamweleza. Hakucheka. Alisema tu, "Andika na hiyo." Nikaandika: kosa ni la amri yangu ya mchanga. Nilisoma kwa sauti, akatikisa kichwa kukubali.

Najua mnachotaka kuniuliza hapa: na ile barua? Barua ilikuja, mwaka wangu wa pili depo, na muhuri mzuri. Niliisoma nimesimama, mikono ina maji ya kuoshea bidoni. Nilijibu kwa heshima kwamba asanteni, nina kazi. Siwaambii mkatae chuo. Wanaofundisha vizuri wanafanya kazi kubwa, na bila wao nisingejua hata kushika kichupa. Nawaambia msikae kama nilivyokaa, miaka mitatu mmevaa nguo ya pasi. Na baadaye tulinunua bidoni za alumini, tukazifukiza moshi kama vibuyu, kila asubuhi, na wageni waliokuja kutembelea walipiga picha ule moshi wakauliza ni teknolojia gani. Nilikuwa nawaelekeza kwa Mama Mave awaeleze. Siku barabara zilipofungwa kwa vurugu na maziwa yakakaa njiani hadi mchana, ni ule moshi uliotuokoa. Ninajivunia hilo, na sioni haya kusema.

Lakini turudi kwenye Jumamosi, maana bado kazi hiyo yote haikuwapo.

Asubuhi, kabla Sista hajafika, Mama Dhesi alinivuta nyuma ya depo. "Docta, usijishushe. Sema tu tulipata dawa ya shida, bidoni ya kwanza ilikuwa mubaya. Sista akijua ni weye ulikosa, atasema docta yao hajue kitu, na ataenda kwingine. Watoto tisa, Docta."

Alikuwa anasema kweli. Nililipima lile neno, na lilikuwa zito. Lakini nikisema hivyo, Mama Mave abaki nani? Wanawake ishirini na saba walimwona akiondoka na maziwa yake kichwani. Hakuna aliyekuwa amemwona akisafishwa. Na alikuwa amekaa pale mwisho kabisa wa benchi, peke yake, wenzake wameacha nafasi katikati.

Sista akafika. Nikasimama na daftari. Nilisoma yote, saa kwa saa, chombo kwa chombo. Halafu nikasema, "Maziwa ya shule yameharibiwa na amri yangu. Mimi nilikataza vibuyu, mimi nilileta mchanga. Na mimi nilimsingizia Mama Mave dawa mbele yenu, bila ushahidi. Maziwa yake ndiyo yaliyokuwa safi kuliko ya wote, kwa sababu alikataa kunitii. Mama Mave, naomba msamaha." Nikapiga magoti pale barazani.

Sista akanigeukia.

"Kwa hiyo wiki tano wasichana wangu wamekunywa kosa la daktari."

"Ndiyo, Sista."

"Na Jumatatu? Nikikubali, maziwa ya Jumatatu nayaandika kwa jina la nani? Nataka mtu mmoja wa kumshika yakiharibika."

Mama Dhesi aliangalia miguu yake. Nilijua ningejitaja mwenyewe ingekuwa kichekesho.

Ndipo Mama Mave alipoinuka kwenye benchi. "Andika huyu," akasema.

"Huyu aliyekuita mtia dawa?"

"Huyu. Siku mbili nilikaa naye hapa. Aliandika yote, hata ile ilikuwa inamuletea haya. Miye niliona na macho yangu." Akanishika mkono, akaniinua. "Maziwa yangu miye nitampa."

Sista Lusi akafungua daftari lake juu ya goti, akatafuta ukurasa mweupe. "Jina?" akaniuliza.

Kabla sijafungua mdomo, Mama Mave aliinama juu ya ile karatasi, yeye asiyejua kusoma, akaweka kidole pale kalamu ilipokuwa inaanzia.

"Weka Docta kwanza," akasema.

Sista akaandika, na Jumatatu nilifika depo kabla ya maziwa.